Muulize Mama Maabara: Kolamu nne, pampu moja, na moja inakimbia

SWALI: Shikamoo mama. Nina karakana ndogo ya kusafisha kurkumini, ile rangi ya njano, kutoka kwenye manjano ya Unguja. Zamani nilitumia kolamu (bomba la kutenganishia) moja ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 4, na kila nilipoijaza upya silika jeli, zile chembe zinazotenganisha mchanganyiko, kazi yote ilisimama. Sasa nimetengeneza mtambo mdogo: kolamu nne za sentimita 2, zimesimama sambamba ndani ya kisanduku kinachoingia kwenye kabati la kuvuta mvuke. Zote zinalishwa na pampu moja ya mililita 40 kwa dakika. Kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoubeba mchanganyiko, ni dikloromethani na methanoli kidogo, mirija ni ile ya bluu ya mashine za hewa, niliinunua Kariakoo. Tatizo ni kolamu ya pili kutoka kushoto. Huzitangulia zote, na nikiunganisha zinachotoa napata mchanganyiko uleule niliotaka kuutenganisha. Nimeshaijaza upya hadi nimechoka. Nifanyeje?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza, hesabu yako ya ukubwa iko sawa: kolamu nne za sentimita 2 zina eneo lilelile la moja ya sentimita 4, kwa hiyo hujapoteza uwezo wowote. Pili, acha kuijaza upya hiyo kolamu. Silika jeli inayomiminwa kwa mkono haiwezi kujipanga sawasawa mara nne, hata mikono iwe ya nani. Moja itashindiliwa zaidi, nyingine itabaki na upenyo, na kiyeyushi kitakimbilia palipo na wepesi. Ni kama bomba la mtaa: nyumba ya bondeni ndoo inafurika, ya kilimani wanasikia hewa tu. Pampu yako haijui kwamba kuna kolamu nne. Kinachogawa ni ukinzani wa kila tawi, yaani ugumu wa kiyeyushi kupita humo.

Ona hasara yake. Tuseme kurkumini hutoka dakika ya 20, na ndugu yake demethoksikurkumini dakika ya 24. Kolamu inayopitisha asilimia 20 zaidi ya wenzake itamtoa huyo ndugu dakika ya 20 kamili, wakati zile tatu ndiyo kwanza zinatoa kurkumini. Ukikusanya kwenye chupa moja hapo, umevichanganya tena kwa mkono wako.

Dawa ni kuweka kizuizi kwenye kila tawi, chenye ukinzani mkubwa kuliko wa kolamu yenyewe. Chukua kolamu mbili, moja ina ukinzani wa 1.0 na nyingine 1.2. Tofauti ni asilimia 20. Ongeza kizuizi cha 8 kwa kila moja: sasa una 9.0 na 9.2, tofauti imeshuka hadi asilimia 2 hivi. Kolamu hazijabadilika hata kidogo, ila hazina tena sauti kwenye mgawanyo.

Kizuizi chenyewe ni mrija mwembamba tu. Kama silika jeli yako ni ile ya maikromita 40 hadi 63 na imejaa kimo cha sentimita 30, mililita 10 kwa dakika zinahitaji presha ya kama bar 0.3 kupita. Mrija wa Teflon wenye tundu la milimita 0.25 na urefu wa sentimita 30 utakula bar 2 na ushee kwa kiyeyushi hichohicho. Basi pampu iwe na nguvu ya bar 3 au zaidi. Zile za kukamua mrija kwa magurudumu nyingi hazifiki hapo. Na tafadhali sana, kizuizi kikae kabla ya kolamu, si baada yake. Kikiwa kabla, presha inaishia kwenye mrija. Kikiwa baada, presha yote inakaa ndani ya kioo chako, na kioo kikipasuka na dikloromethani ndani yake ni hatari ambayo sitaki uijue.

Hapa ndipo utumie muda wako, kwenye kuilinganisha hiyo mirija minne. Ukinzani wa mrija hufuata kinyume cha kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo tundu likitofautiana kwa asilimia 4 tu, ukinzani unatofautiana kwa asilimia 17 hivi. Kata yote kutoka roli moja, kila kipande kikiwa kirefu kuliko unavyohitaji. Ondoa kolamu, pitisha kiyeyushi, kinga kila tawi kwa silinda ya kupimia huku saa ikihesabu dakika. Tawi linalotoa kidogo, punguza mrija wake nusu sentimita, pima tena. Endelea hadi silinda zote nne zisome sawa. Ukishamaliza, funga namba kwenye kila mrija.

Mirija ya bluu itoe leo. Ile ni poliyurethani, na dikloromethani huivimbisha na kuilainisha. Tundu linabadilika wiki hadi wiki, na usafi wa kurkumini yako unaharibika pia.

Weka chujio moja kabla ya mgawanyo, si nne baada yake, maana vyujio vinne vitaziba kila kimoja kwa wakati wake na utarudi ulikotoka. Kila tawi likae kwenye bamba lake: valvu, kizuizi, kolamu, valvu. Mafundi wa mtaa wa Gerezani watakutobolea mabamba ya alumini yanayofanana kabisa ukiwapa mchoro mmoja. Hapo ndipo faida ya mtambo wa vipande inapoonekana: kolamu moja ikichoka unafunga valvu zake mbili, unachomoa bamba, tatu zinaendelea. Ila kumbuka kushusha pampu hadi mililita 30. Usiposhusha, kila moja kati ya tatu zilizobaki itapata 13 na zaidi, na dakika zako zote zitasogea.

Joto la Dar nalo si la kupuuza. Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Kisanduku kilichofungwa, mwezi wa Februari, kinakaribia hapo bila shida, na viputo vikianza ndani ya silika jeli hakuna mgawanyo utakaosimama. Kitoboe juu na chini hewa ipite, lakini kizuie mwanga, kwani kurkumini huharibiwa na mwanga. Umeme ukikatika, funga valvu za chini mara moja ili kolamu zisikauke. Zikibaki na kiyeyushi, nusu saa ya kusimama haitanuisha mistari ya rangi inayoshuka ndani yake kwa kiasi cha kukutia wasiwasi.

Na una bahati ambayo wengi hawana: unachotenganisha kina rangi. Mikhail Tsvet, aliyeanzisha kazi hii Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, alitazama kwa macho rangi za majani zikishuka kwenye kioo kilichojaa unga wa chaki. Wewe fungua mlango wa kisanduku kidogo, tazama ile mistari minne ya njano. Ikiwa kimo kimoja, unganisha. Isipokuwa kimo kimoja, kusanya kila tawi peke yake siku hiyo.

SWALI: Je, mbinu hiyo inafaa kwenye kromatografia (utenganishaji huu wa kolamu) ya presha kubwa, ili nipime sampuli nne kwa wakati mmoja kwa pampu moja?
Mwanafunzi, Sinza

JIBU: Hapana. Kolamu ya chembe za maikromita 5 peke yake yaweza kula bar 100. Kizuizi mara nane ya hapo ni bar 800, na pampu za kawaida za kazi hiyo huishia kwenye bar 400. Tumia pampu yenye vichwa vinne, kila njia na kichwa chake na kipima mwanga chake. Halafu chunga mirija ya kutokea, ambayo msomaji wa Mbezi hana haja ya kuihangaikia: mita moja ya mrija wa milimita 0.5 inabeba mililita 0.2 hivi, na kwa mwendo wa mililita 1 kwa dakika hizo ni sekunde 12 za kuchelewa. Tumia wa milimita 0.25, ukate mfupi, na urefu uwe mmoja kwa njia zote nne.