Usiingie ziwani asubuhi na ubao wa tanga: upepo ukikupiga kisogoni, rudi nyumbani

Usimlipe huyo muuzaji wa ubao wa tanga, yaani ubao wa kuteleza majini kwa nguvu ya upepo. Hata kama ameshakutumia picha za ubao na ameahidi kuupakia kwenye basi la Mombasa kuja Kampala, shikilia pesa yako kwanza.

Umeuliza historia ya Ho'okipa, ufuko maarufu wa mchezo huu huko Hawaii, kama Entebbe, hapa kwenye Ziwa Victoria, inaweza kupata ufuko wa namna ile, miezi ya upepo, ubao wa ujazo wa lita ngapi unamfaa anayeanza, na kama saa kumi na mbili asubuhi ni wakati mzuri wa kujifunza "kwa sababu maji yanakuwa yamelala". Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha niandike. Mtu aliyeniuzia ubao wangu wa kwanza alinipa maneno hayo hayo, na kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Sijui kama ni huyo huyo. Akiwa ndiye, bado anauza na bado hajajifunza kitu.

Sikiliza. Maji yakilala karibu na mchanga huku majani ya miti yanacheza, maana yake upepo unatoka nchi kavu. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko ziwa, na ile hewa baridi hutelemka kuelekea majini. Watu wa pwani wanauita umande. Mchana jua linapochoma ardhi mambo hugeuka, na upepo huanza kutoka ziwani kuja kwetu. Wavuvi wa matanga wameishi kwa zamu hizo mbili tangu zamani: wanatoka na upepo wa usiku, wanarudi na upepo wa mchana. Wewe unataka kutoka na upepo wa kutokea, bila kuwa na wa kukurudisha.

Nilikokwenda mimi, mwanzo ulikuwa mtamu. Karibu na ufuko miti na majengo huzuia upepo, kwa hiyo tanga unaliinua bila shida na unajiona umeshajua. Ukitoka kwenye kivuli chao, nguvu inakuja yote kwa mara moja. Anayeanza hajui kwenda dhidi ya upepo, anajua kwenda nao tu. Unaanguka, na wakati unahangaika kupanda tena, ubao unaendelea kusogea nje. Unavuta tanga, linajaa, unaanguka tena, umesogea tena. Mawimbi nayo hukua kadiri unavyoenda mbali, kwa sababu upepo umepata nafasi ya kuyasukuma. Ule utulivu uliouona ufukweni haukuwa wa ziwa zima. Ulikuwa wa pale pale tu.

Na kilichoko mbele yako asubuhi ndicho cha kuogopesha zaidi. Usiku pepo za nchi kavu kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zinakutana juu ya ziwa. Hewa ikikosa pa kwenda inapanda juu, na mvua za radi hujengeka huko hadi alfajiri. Kisha pepo za juu zinazotoka mashariki huzisukuma kuja upande wetu, ndiyo maana Entebbe mnaamshwa na ngurumo mara nyingi. Kwa hiyo upepo wa mgongoni unakupeleka kulekule wingu lilikotanda. Mimi niliona mstari mweusi juu ya maji, nikadhani ni kivuli.

Waliokuja kunichukua ni wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wanarudi Kasenyi, mwalo wa wavuvi karibu na Entebbe. Mlingoti na tanga ilibidi tuviachie maji, maana mtumbwi haukuweza kuvikokota katika upepo ule. Nililipa petroli na samaki waliomwagika. Sikuwadai punguzo, na nikiwaona leo nawasalimu kwa mikono miwili. Nilipompigia yule muuzaji akaniambia "bahari ina mambo yake". Bahari! Ssebo, hii si bahari, na hapo ndipo shida yake yote ilipo. Amekulia mahali ambapo kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma miezi kadhaa katikati ya mwaka na kaskazi, wa kutoka kaskazini, hushika zamu kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Huko upepo ni wa msimu. Huku ziwani upepo ni wa saa. Anauza ujuzi wa Diani, pwani ya Kenya, kwa mtu wa Entebbe, anachukua pesa, na hajawahi kulala usiku mmoja kando ya ziwa hili kusikiliza upepo unavyogeuka. Hilo linanikera hadi leo. Mtu anayeuza chombo cha majini ana wajibu wa kuuliza kinakwenda maji gani.

Basi kanuni ni moja. Simama mchangani, uso utazame maji. Upepo ukikupiga kisogoni, usiingie. Ukikupiga usoni au shavuni, ingia, kwa sababu hata vyombo vikikushinda utarudishwa ufukweni. Usipime kwa kutazama maji, pima kwa ngozi yako. Na upime ufuko uleule unaoingilia, kwa kuwa Entebbe ni rasi: upepo ambao ni salama upande mmoja unaweza kuwa wa kisogoni upande wa pili. Kabla hujatoka nyumbani angalia taarifa za upepo za uwanja wa ndege, zinatolewa kila saa na ziko wazi mtandaoni. Ukiona upepo unatoka kaskazini na ufuko wako unatazama kusini, endelea na chai.

Kwa kawaida upepo wa ziwani unaanza kushika kuanzia saa tano au saa sita mchana, na alasiri ndio unakuwa na nguvu. Hata hapo usijisahau. Wingu zito likisimama upande wa Kampala na upepo wa usoni ukakatika ghafla, toka majini wakati huo huo. Mvua ile ikianza kumwagika husukuma hewa baridi kuja ziwani, na upepo unageuka kuwa wa kisogoni kabla tone halijakufikia.

Ho'okipa nakujibu kwa ufupi, kwa sababu yenyewe inathibitisha ninachosema. Iko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Maui, Hawaii. Watu walikuwa wakiteleza kwenye mawimbi pale kabla ya matanga kuja. Ubao wa tanga ulipata hataza, yaani hati ya haki ya ugunduzi, Marekani mwaka 1970, kwa majina ya Jim Drake na Hoyle Schweitzer, na katika miaka ya 1980 mabingwa wa mchezo huo wakahamia Maui. Walichokifuata ni upepo unaovuma kutoka kulia ukitazama bahari, kwa ubavu, ukielekea kidogo ufukweni. Unatoka nao na unarudi nao. Hata huko, wenye matanga hawaingii kabla ya saa tano asubuhi, ili asubuhi wabaki wasio na tanga. Mawimbi yao makubwa ya majira ya baridi hutoka kwenye dhoruba za mbali za Pasifiki. Ziwa letu halina umbali huo, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yamebanana, yanakupiga moja juu ya jingine. Ukitaka wimbi linalobaki mahali pamoja hapa Uganda, nenda kwa wapiga kasia wa mto Nile kule Jinja, ingawa maporomoko ya Bujagali yenyewe yalifunikwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012.

Kuhusu ubao, chukua mkubwa kuliko unaoambiwa na watu wa pwani, kwa sababu maji matamu hayabebi kama ya chumvi. Tanga nalo liongezwe kidogo. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, karibu sehemu moja ya kumi pungufu, kwa hiyo upepo wa kasi ileile unasukuma kidogo kuliko Mombasa. Jaketi okozi halina mjadala.

Usitegemee ramani za zamani za fukwe. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita rekodi ya 1964, na fukwe nyingi za Entebbe zikamezwa. Mafunjo na gugu maji vinahama na upepo, vinanasa pezi la chini ya ubao. Konokono wa kichocho hupenda zaidi palipo na majani, kwa hiyo ingilia penye mchanga mtupu, na baada ya wiki kadhaa nenda zahanati upimwe, dawa yake ipo.

Sasa niandikie hapa chini jina la ufuko unaotaka kuanzia, unatazama upande gani, na saa ambazo unakuwa huru baada ya kazi. Kama ni asubuhi tu, usinunue.