Maski aliyorudi nayo si ile niliyomvalisha

Shule za Kenya zilipofunguliwa zote tarehe 4 Januari 2021 baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, wiki ileile ya kwanza binti yangu wa gredi ya pili alirudi nyumbani na maski ya mtu. Asubuhi nilimvalisha ya samawati, ya kitambaa, nimeshonesha kwa fundi wa hapa mtaani, jioni akarudi na ya waridi ina picha ya paka na kwa ndani ina alama za vidole vyekundu. Mama yeyote wa Mombasa anajua wekundu ule ni wa nini. Mabuyu, zile mbegu za mbuyu za sukari na rangi. Kumuuliza, akanijibu bila wasiwasi wowote ati wamebadilishana, mwenzake kapenda yake na yeye kapenda ya paka, alafu akaongezwa mabuyu matatu juu. Biashara safi kabisa.

Nilicheka, alafu nikaketi kitako nikaogopa. Manake tangu shule zifungwe katikati ya Machi 2020 tumekaa miezi tisa na zaidi tunanawa mpaka mikono inachubuka, mamangu tunaishi naye nyumba moja na ana sukari, na yote hayo yanaweza kuvunjwa na mabuyu matatu.

Naandika haya Februari 2021, nimeshajua mawili matatu, nawaandikia wazazi wenzangu. Mimi si daktari, ni mama tu wa watoto wawili, na mkubwa yuko darasa la nane kwa hivyo yeye alirudi mapema, tangu tarehe 12 Oktoba 2020 pamoja na gredi ya nne na kidato cha nne. Wakati ule baadhi ya shule hapa Mombasa zilifungwa tena kwa muda baada ya walimu kupatikana na korona, mkumbuke, kwa hivyo uoga wangu sikuuokota njiani.

Jambo lililonikaa zaidi ni hili: kila unachomfanyia mtoto pale mlangoni kinaisha akishavuka geti la shule. Kuanzia hapo ni yeye na akili yake. Mimi nilikuwa najisifu eti namvalisha maski vizuri, pua imefunikwa, kamba zimekaza, lakini sikuwahi kumfundisha kuivua. Anapokula je? Alikuwa anaishusha kidevuni, akimaliza anaipandisha na mikono ya mabuyu. Tukaanza mazoezi nyumbani, saa ya mchezo nusu saa na maski, kula na maski pembeni, kuivua kwa kushika kamba tu, kuikunja na kuitia kwenye kimfuko cha kitambaa kilichobaki kwa fundi. Siku ya kwanza ilikuwa vita, ya nne akawa yeye ndiye anamkemea kakake.

Na ile biashara ya kubadilishana tuliimaliza kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa. Mzazi mmoja akatoa wazo kwamba maski zote ziwe rangi moja, hazina picha ya paka, hazina picha ya mpira, hazina lolote, na jina lishonwe kwa uzi pembeni. Kulikuwa na waliolalamika kwamba watoto watachukia. Waache wachukie! Maski isiyo na mvuto haina soko.

Kitu kingine ambacho watu wa bara huenda hawakijui ni jua letu la Januari na Februari. Kufika saa nne maski ya mtoto imelowa jasho chapachapa, na kitambaa kikilowa hakipitishi hewa, mtoto anakosa pumzi anaishusha chini ya pua, sasa umevaa nini hapo. Mwanzo nilikuwa namgombeza, mpaka siku moja nikavaa ya kwangu sokoni Kongowea mchana kutwa nikaelewa. Sasa anakwenda na tatu, moja usoni, mbili begini, na anajua akisikia maji mdomoni abadilishe. Jioni nazifua na sabuni nazianika, na hilo jua lililotutesa ndilo linazikausha. Zile za buluu zilizokuwa zikiuzwa barabarani shilingi kumi kumi ni za kutumia mara moja kisha zitupwe, na ndio, nakiri mimi pia nilishawahi kuzifua nikazianika kwenye kamba kama soksi, tusichekane.

Mabuyu sikumkataza. Ukimkataza atakula kwa kujificha na mkono wake utaingia kwenye pakiti ya mwenzake, bora umpe pakiti yake mwenyewe na sheria moja, hatii mkono kwa mwenzake na mwenzake hatii kwake, ananawa kabla na ananawa baada. Kunawa wapi sasa, hapo ndipo kuna kazi. Shule nyingi zetu za serikali matangi ya kunawia yapo pale getini yamepangwa vizuri, asubuhi yana maji, saa nne ukifungua mfereji unasikia upepo tu. Sisi darasa letu tuliamua kuchanga, kila wiki wazazi wawili zamu yao wanamlipa mtu wa mkokoteni anashusha mitungi ya lita ishirini hapo nje ya darasa. Sabuni ya kipande iliibiwa siku mbili mfululizo, ya tatu tukaacha, tukawa tunakoroga sabuni ya unga kwenye chupa ya plastiki, kifuniko kinatobolewa kwa msumari wa moto, mtoto anaminya kidogo. Hakuna anayeiba maji ya sabuni.

Kuhusu kukaa mbalimbali sitawadanganya. Darasa lina watoto zaidi ya sitini, wanakaa watatu dawati moja, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Magoha, mwenyewe alishakubali kwamba nafasi itakuwa shida. Kwa hivyo usipoteze nguvu kugombana na mwalimu juu ya mita moja na nusu, mwombe madirisha. Darasa la binti yangu upande mmoja ulikuwa unafungwa kwa sababu ya jua kuwapiga watoto usoni, hewa imesimama humo kama ndani ya sufuria. Tukapeleka leso mbili kuukuu zikafungwa kwa nje kama pazia, jua likazuilika, upepo unapita. Kwenye matatu pia vilevile, ukimpandisha mtoto mkalishe dirishani na dirisha liwe wazi, makanga akinuna anune.

Sasa hii inayofuata naiandika kwa aibu. Mwisho wa Oktoba, Jumatatu moja, kijana wangu aliamka mwili una moto. Ilikuwa wiki ya mtihani wa majaribio, mimi nina kazi, hakuna wa kukaa naye isipokuwa mamangu ambaye ndiye ninayemwogopea zaidi. Nikampa panadol mbili, nikangoja, nikamgusa paji la uso, nikamwambia twende. Pale getini askari akampiga na kile kipima joto cha bastola, namba ikatoka nzuri, akapita. Bila shaka ingetoka nzuri, panadol imeshafanya kazi yake! Saa sita nikapigiwa simu mtoto anatetemeka darasani. Tukakimbia zahanati, akapimwa, ikawa malaria. Watu wakaniambia alhamdulillahi ni malaria tu, nami nikashukuru, lakini usiku sikulala nikijiuliza na je ingekuwa ile nyingine, na lile darasa zima, na yule mwalimu wake ambaye ni mtu wa makamo na ana pumu.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa kuliko hayo yote ya maski: panga leo nani atakaa na mtoto siku akiamka na homa. Leo, akiwa mzima. Manake ile asubuhi yenyewe utakuwa na haraka na utajidanganya. Mimi na jirani yangu tumekubaliana, mtoto wake akiugua namkalia Jumamosi na jioni, wangu akiugua yeye anamkalia siku za kazi asubuhi, sote tunajifunika, milango wazi. Nimemwambia bosi wangu pia mapema kwamba siku hiyo ikija nitachelewa au nitakosa, alikunja uso lakini ameshajua. Na kile kipimo cha getini msikitegemee sana, kinapima joto la ngozi kwa sekunde ile, hakipimi ulichompa mtoto saa kumi na mbili asubuhi.

Watoto wenyewe nao wanabeba vitu vizito kuliko begi. Binti yangu wiki mbili za kwanza alikuwa hataki kumsogelea bibi yake kabisa, akipita anapita ukutani. Kumbe mtu kawaambia, sijui nani, kwamba mtoto akileta korona nyumbani anaua bibi. Alikuwa anasikia ni yeye atakayemuua. Tafadhali msiwatishe namna hiyo, mwambie mtoto cha kufanya, usimwambie atakayekufa. Kwetu ni hivi, akirudi anavua unifomu mlangoni inaingia kwenye beseni, anaoga, anavaa za nyumbani, alafu ndio anakwenda kusalimia. Kubusu mkono tumesimamisha, anaweka mkono kifuani anasema shikamoo akiwa mbali kidogo na bibi anajibu marahaba kwa sauti kubwa kama yuko ng'ambo ya kivuko.

Na wale wenye watoto wa chuo cha jioni, yaani madrasa, msisahau, chuo ndio hukohuko. Mkeka mmoja, watoto arubaini, wanasoma kwa sauti wote kwa pamoja. Tulizungumza na ustadhi, akawahamishia nje chini ya mwembe, kila mtoto na mswala wake wa kukalia. Ila jana binti yangu amerudi na mswala si wake.