Shangazi, nimfanyeje mume bahili?

Shangazi, salamu zangu zikufikie. Mtoto wetu wa kwanza anatimiza miaka minne mwezi wa tisa. Mwenzangu wa ofisini alimfanyia wake sherehe Ntinda, Kampala, ukumbi mzima umepambwa kwa vitu vya kuchezea, keki ya ghorofa tatu, na lile jumba la upepo la watoto kurukia. Watu wa ofisini wanaizungumzia mpaka leo. Nilimwomba mume wangu shilingi milioni moja na laki mbili. Amenipa laki moja na nusu, eti karo kwanza, na sherehe ifanyike hapa hapa nyumbani. Mama mkwe naye amepiga simu kutoka Bombo: atakuja na wanasesere wa vitambaa na magari ya waya. Mbele ya wageni wangu wa ofisini! Laki moja na nusu sijaigusa, ila kwa mwenye jumba la upepo nimeshatanguliza kidogo. Huyu mume bahili nimkabili vipi? – Mama K., Bweyogerere

Salamu zimefika, Mama K. Najua inavyouma kumwona mtoto wa mwenzako aking'aa kwenye picha, na wako hajawahi kukatiwa keki. Pole. Lakini barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia huyo bahili simwoni.

Ninayemwona ni mwenzako wa ofisini. Mtoto umemtaja kwa umri wake, basi. Anapenda magari au wanasesere? Anaogopa kelele? Rafiki zake hapo mtaani ni akina nani? Hukuandika. Mtoto wa miaka minne hajui ukumbi wa Ntinda unakodishwa bei gani, wala hatauliza. Hiyo milioni na laki mbili ni ya kuwaonyesha watu wa ofisini, na ukiri hivyo kwanza kabla hujamkabili mtu.

Halafu hela ulizotanguliza. Za mumeo hujazigusa, basi hizi zimetoka wapi? Barua za namna hii napokea nyingi, na jibu huwa ni moja kati ya mawili: mkopo wa simu, au mfuko wa kikundi cha akina mama. Kama ni mkopo, riba inatembea hata ukiwa umelala. Kama ni za kikundi, zina wenyewe, na zamu ya mwenzako ikifika utaanza kupita njia za uani. Dawa ya deni ni kulipa, na atakayelipa ni huyo huyo unayemwita bahili.

Sasa nimtetee, kwa kuwa hayupo. Mwezi wa tisa ndio shule zinafungua muhula wa tatu. Hata mtoto wa nasari haendi na mkoba mtupu: kuna karo, na kuna ile orodha ya mahitaji, rimu ya karatasi, karatasi za choo, sabuni, ufagio. Mwanamume anayetoa laki moja na nusu ya keki mwezi kama huo amehesabu mfuko wake, akakumbuka na furaha ya mtoto. Umeolewa na mtu mwenye akili. Mshukuru.

Na hili la kwako nimelikuta katika nyumba nyingi. Ndoa zetu za siku hizi hapa Uganda huanza na mikutano. Watu wanakutana wiki baada ya wiki, wana mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi. Huyu anaahidi ng'ombe, yule mahema, mwingine keki. Kwanjula, ile sherehe ya utambulisho ukweni, inapita, harusi inapita, na sehemu kubwa wamelipa ndugu na marafiki. Si vibaya, ndivyo tunavyobebana. Lakini wawili hao wanaingia nyumbani hawajawahi hata siku moja kukaa peke yao wakapanga sherehe kwa mfuko wao wenyewe. Ya kwanza kuilipia ni ya mtoto. Mke anaomba kiasi alichokiona kwa watu, mume anatoa kiasi alichonacho, na usiku kila mmoja anageukia ukuta wake. Kisha mke anaanza kukopa kimyakimya ili picha za simu zipendeze. Wanangu, uchache wa hela nyumba nyingi zimeustahimili. Hela za siri ndizo zinazozibomoa, na mume akigundua deni moja la siri, hata la unga ataliuliza.

Mama mkwe wako nimemwacha makusudi, kwa sababu yeye ndiye pekee katika barua hii aliyeelewa sherehe ya vitu vya kuchezea ni sherehe gani. Umewahi kulitazama gari la waya kwa karibu? Waya unakunjwa mpaka ukawa boneti na milango, magurudumu yanakatwa kwenye ndara kuukuu, na usukani una mpini mrefu, mtoto analiendesha akiwa amesimama wima, akikata kona gari nalo linakata. La plastiki kutoka dukani tairi linang'oka kabla keki haijaisha. Unamwonea aibu mwanamke aliyeketi akashona wanasesere kwa ajili ya mjukuu wake? Aibu hiyo nakukatalia. Mpigie simu leo, umwambie mama, leta vyote, na uje siku moja kabla unisaidie. Kama anaweza, alete na mpira wa magome makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba.

Laki moja na nusu inatosha, sikiliza. Alika watoto sita au saba wa mtaani ambao mwanao anawajua kwa majina, waje na mama zao. Watu wa ofisini waache kazini. Kila mtoto aje na kitu chake cha kuchezea anachokipenda, ukibandikie jina mlangoni kwa gundi ya karatasi, vinginevyo jioni patakuwa na vilio. Vile viwili vitatu ambavyo mwanao havumilii vishikwe, vifiche chumbani mapema. Umri huo kugawana bado wanajifunza.

Omba maboksi makubwa dukani, yale ya sabuni na ya biskuti. Yapake rangi nyeupe, uyazungushie mraba mraba wa buluu ubavuni kama taksi zetu, zile basi ndogo za abiria, uyapange sebuleni. Mtoto mmoja ni dereva, mwingine konda anayeita Banda, Kireka, Bweyogerere, waliobaki ni abiria na wanasesere wao mapajani. Wataucheza mchezo huo mpaka uwatoe kwa nguvu.

Keki moja ya elfu hamsini, yenye umbo la gari, waokaji wa mtaani wanajua. Elfu sitini iende jikoni: kabalagala za ndizi mbivu na unga wa muhogo kaanga mwenyewe asubuhi, sumbusa, matikiti, juisi ya pasheni. Bisi na karanga wape wakubwa tu, kwani watoto wadogo hupaliwa nazo. Baluni nunua pakiti Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla mjini, pamoja na karatasi za rangi, na ikipasuka moja okota vipande hapo hapo, maana kipande cha baluni kikiingia kooni kwa mtoto ni hatari kubwa. Aliye chini ya miaka mitatu asipewe kitu chenye vipande vya kung'oka. Kinachobaki ni cha zawadi ndogo ya kila mgeni, au kirudi kwa baba yake, na akirudishiwa chenji mwanamume wa namna hiyo mwaka ujao ataongeza.

Anza saa nne asubuhi, saa sita watu waende. Mwezi wa tisa mvua zinarudi, na Kampala hupenda kunyesha mchana. Tena watoto watakuwa hawajachoka na wewe hudaiwi chakula cha mchana. Kelele za mtaa usiziogope. Mcheza kwao hutunzwa.

Kesho asubuhi mpigie mwenye jumba la upepo, umwambie umeghairi, akurudishie zako mapema wakati bado anaweza kumkodishia mtu mwingine. Akikata sehemu, kubali. Jioni, mtoto akishalala, mwambie mumeo umetanguliza kiasi gani, ulizitoa wapi, na zimerudi ngapi. Usianze kwa kulia wala kwa kumkumbusha Ntinda. Taja hesabu, kisha nyamaza umsikilize.