Kabla ya kusoma hotuba, tafuta inamjibu nani

Ninyi mnaoanza kusoma historia mwaka huu, hotuba na barua mtakutana nazo mapema, na wengi mtakimbilia kukariri sentensi zinazosifiwa. Msianzie hapo. Anzeni na aliyesema kabla.

Chukueni hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960, siku Kongo ilipopata uhuru. Mkiisoma peke yake mtaona waziri mkuu mwenye hasira tu. Basi someni kwanza ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Alisimama Léopoldville (leo Kinshasa), mbele ya Wakongo, akausifu uhuru wao kuwa kilele cha kazi iliyobuniwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji wa zamani, yule ambaye utawala wake uliua Wakongo wengi mno kwa ajili ya utomvu wa miti ya mpira. Rais Kasavubu akafuata kwa upole. Lumumba hakuwa kwenye ratiba. Alikuwa na maandishi yake tayari, akawa anayarekebisha wenzake wakihutubia. Zamu yake alipoitwaa, alizungumza na Wakongo wenyewe, akataja matusi na vipigo walivyovumilia, akasema uhuru huu umepatikana kwa mapambano. Sasa mnaelewa kwa nini ukumbi ulitikisika.

Na bado hamjamaliza. Siku hiyohiyo, kwenye chakula cha mchana, Lumumba alitoa hotuba ya pili, fupi, ya kutuliza, akimpa mfalme heshima yake. Wachache huitafuta. Mimi nashikilia kwamba asiyeijua asiharakishe kumhukumu yule wa asubuhi, kwa sababu ndani ya hotuba hiyo ya pili tunamwona kiongozi akipima gharama ya maneno aliyoyatamka saa chache tu zilizopita.

Barua nazo ni hivyohivyo. Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za watu weusi Marekani, akiwa jela Birmingham, Alabama, mwezi Aprili 1963, alianza kuandika pembezoni mwa gazeti. Alikuwa akiwajibu viongozi wanane wa dini, Wazungu, waliosema maandamano ya watu weusi mjini humo hayakuwa ya busara wala wakati wake haujafika. Litafuteni tamko lao. Ni fupi na la adabu kabisa, na ndiyo maana King alihitaji kurasa nyingi kueleza kwa nini watu weusi wamechoka kuambiwa wasubiri.

Mkifika kwa Mwalimu Nyerere, Novemba 1978, anzeni na tangazo la Idi Amin la kuitwaa Kagera. Kisha wekeni kando maandishi, msikilize sauti yake mwenyewe akiwaambia wazee wa Dar es Salaam: uwezo wa kumpiga tunao.