Kijana wa Kusini Ughaibuni: Chagua Mapema cha Kufanya Baada ya Kazi

Vijana wa Lindi na Mtwara wanaosomea uhandisi wa programu huniuliza mara nyingi kuhusu mshahara, kibali cha kazi na usaili, na ni haki yao kuuliza. Ni wachache wanaotaka kujua mtu hufanya nini jioni baada ya kufunga kompyuta, ilhali mimi niliyezaliwa Lindi na ninayeishi Berlin naamini kuwa hilo ndilo huamua kama utaishi ugenini kwa utulivu au utabaki kuhesabu miezi ya kurudi.

Kazi yetu ina tabia yake. Katika kampuni nyingi za programu za Berlin, mikutano, nyaraka na hata mazungumzo ya jikoni ni kwa Kiingereza, wengi hufanyia kazi nyumbani, na mahitaji huagizwa kwa simu, kiasi kwamba mhandisi anaweza kukaa miaka bila kumhitaji jirani wala kujua Kijerumani zaidi ya salamu. Muuguzi aliyehamia mji huohuo hawezi kujitenga hivyo, kwa sababu kazi yenyewe humlazimisha kusema na watu. Ndiyo maana nashauri shughuli yako ya mapumziko iwe ya mikono, na iwe na siku maalumu ambayo watu wengine wanakungoja. Michezo ya kompyuta naipenda, lakini inakurudisha kwenye kiti kilekile.

Mimi nilichagua kilimo. Kandokando ya reli na katika vitongoji vya Berlin kuna viwanja vya bustani vinavyosimamiwa na vyama vya wakulima wa mjini. Sheria inataka kiwanja kisizidi mita za mraba 400, na sehemu yake ioteshwe mboga na matunda. Orodha ya wanaosubiri ni ya miaka, kwa hiyo usianze kwa kuomba cha kwako: tafuta mzee mwenye kiwanja ambaye mgongo umeanza kumchosha, ujitolee kumsaidia. Mtu aliyekulia kwenye mikorosho, akazoea mwaka wenye msimu mmoja wa mvua, atajifunza upya, kwa maana huku kinachoamua siku ya kupanda ni baridi. Wenyeji hungoja hadi katikati ya Mei, baridi ya usiku inayounguza miche ikishapita, ndipo wapande maharage na maboga. Kijerumani changu nilikipata hapo, kwani mzee anayekuonyesha namna ya kupogoa mtofaa hana haraka. Hurudia neno lilelile huku ameshika tawi lenyewe.

Tena, mtu wa Lindi aliyeko Berlin ana bahati ya pekee. Katika makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, Museum für Naturkunde, amesimama mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosauri iliyotoka Tendaguru mkoani Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, na mamia ya watu wa kwetu, ambao msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ndio walioifukua. Kisha ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mjadala wa kumrejesha mjusi huyo Tanzania umefika hata bungeni kwetu, na wengi mnaujua. Nawasihi msome habari hii kwa kina kabla ya kusafiri, kisha muwapeleke wenzenu wa kazini pale na kuwasimulia. Wenzangu waliokuwa wakiniuliza habari za Serengeti na Kilimanjaro peke yake, sasa huuliza ni nani aliyebeba, alilipwa nini, na kwa nini Boheti hajulikani kama wanasayansi waliokuwa naye. Mazungumzo ya namna hiyo yamenipa marafiki ambao miaka ya kula pamoja ofisini isingenipa.

Haya yote yaanze kabla ya Oktoba. Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni, bustani imelala, na Jumapili maduka mengi yamefungwa. Asiye na pa kwenda hubaki kitandani na simu. Shule za jioni za watu wazima, Volkshochschule, hufundisha ushonaji, uchoraji na lugha kwa ada nafuu. Muhula wa majira ya baridi huanza mwishoni mwa majira ya joto ya huku na madarasa mazuri hujaa mapema, kwa hiyo jiandikishe mara tu ratiba inapotoka.

Kuhusu simu za nyumbani, wakati wa baridi Tanzania iko mbele kwa saa mbili, na wakati wa joto kwa saa moja. Ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni katika Desemba, kwenu ni saa mbili usiku, wazazi wamekula na wana nafasi. Wapigie kabla ya kwenda darasani, na uwaeleze siku yako ya darasa ni ipi, wasije wakahangaika simu isipopokelewa.