Kijani na zambarau machoni, mdomoni upake nini?
Dada, kwa sendofu ya usiku, kijani na zambarau machoni vipe mdomo wa zabibu au kahawia yenye wekundu. Waridi kali litagombana na kijani.

Umelalamika pia kwamba rangi za machoni zinakuchujia; si lazima iwe kosa la paleti, yaani kile kisanduku cha rangi. Joto la Dar linatoa mafuta kwenye kope: zifute, tandaza konsila (krimu ya kuficha madoa) kiasi cha punje ya mchele kila upande, kisha poda kidogo. Zambarau kona ya nje, kijani katikati, ukigongagonga kwa ncha ya kidole; ukisugua, zinachanganyika kuwa tope. Foundesheni ije baadaye, maana unga wa rangi huanguka mashavuni. Mdomoni zungushia penseli ya kahawia, paka, bana tishu, rudia. Glosi achana nayo, utaimalizia kwenye glasi.