Klasi moja, kreti mia: majibu ya maswali yenu kuhusu PHP

Mwezi huu karibu kila ujumbe ulioingia uliuliza kuhusu klasi za PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti upande wa seva, na mmoja kuhusu JavaScript, lugha inayoendesha kurasa ndani ya kivinjari. Nimechagua yale yanayowagusa wengi. Mifano yangu mingi ni ya zabibu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoiandikia mfumo hapa Dodoma na ndiyo iliyonifundisha.

Shikamoo Mwalimu. Fankisheni zangu zinafanya kazi, ukurasa unafunguka, hesabu inatoka. Kwa nini nihangaike na klasi? (Mwanafunzi, Ng'ong'ona)

Marahaba. Kama ukurasa wako ni fomu moja inayotuma barua pepe moja, usihangaike. Fankisheni, yaani vipande vya programu unavyoviita kwa jina vifanye kazi, zinatosha. Haja ya klasi, yaani kifurushi cha vigeu na fankisheni zinazovitumia, inaanza pale vigeu (majina yanayobeba thamani) vitatu au vinne vinapotembea pamoja kila mahali, na kila fankisheni inavidai vyote.

Niliwahi kuandika mfumo wa kupokea zabibu kwa kikundi cha wakulima upande wa Mpunguzi. Zabibu hupimwa zikiwa ndani ya kreti, kwa hiyo lazima utoe uzito wa kreti ndipo upate kilo za kulipia. Hesabu hiyo niliiandika mara tatu: kwenye fomu ya mapokezi, kwenye risiti, na kwenye ripoti ya mwisho wa msimu. Kikundi kikabadilisha kreti, mpya zikawa nzito kuliko za zamani. Nikarekebisha fomu na risiti, ripoti nikaisahau. Mama mmoja akajumlisha risiti zake kwa mkono, akaja na daftari lake: ripoti inasema kilo nyingi kuliko alizolipwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kabla sijaliona kosa langu, watu walikuwa wameshaanza kumshuku mhasibu wao, mtu ambaye hakuwa na hatia yoyote. Bado linaniuma.

Leo ningeandika hivi:

```php
class Mzigo
{
    public function __construct(
        private float $kiloJumla,
        private int $kreti,
        private float $kiloZaKreti
    ) {
        if ($kiloJumla <= $kreti * $kiloZaKreti) {
            throw new InvalidArgumentException('Kilo hazikubaliki');
        }
    }

    public function kiloHalisi(): float
    {
        return $this->kiloJumla - $this->kreti * $this->kiloZaKreti;
    }
}

$mzigo = new Mzigo(240, 10, 1.5);
echo $mzigo->kiloHalisi(); // 225
```

Kanuni ya kreti sasa inakaa mahali pamoja. Fomu, risiti na ripoti zote zinaiuliza `kiloHalisi()`, na ukibadilisha hapo umebadilisha kote. `private` inazuia faili lingine kugusa kilo baada ya kupimwa. Na karani akikosea akaandika kilo 12 kwa kreti 10, konstrakta (ile `__construct`, inayojiendesha yenyewe mzigo unapoundwa) inaukataa mzigo huo mlangoni, kabla haujafika kwenye hifadhidata. Kutangaza sifa (vigeu vya klasi yenyewe) ndani ya mabano ya konstrakta namna hii kunahitaji PHP 8. Kwenye toleo la chini zaidi utazitangaza juu, kisha uzijaze kwa `$this->`.

Klasi na objekti vina tofauti gani? Nimepewa mfano wa gari mara kumi, sijaelewa. (Msomaji, Nkuhungu)

Acha gari. Pita popote nyumba inapojengwa hapa mjini, uangalie wafyatua tofali. Kalibu ni moja, tofali ni mia tano. Klasi ni kalibu, objekti ni tofali, na neno `new` ndilo kufyatua. Hujengi ukuta kwa kalibu.

Ila kuna jambo ambalo mfano huu hauonyeshi, na huwatesa wengi. Ukiandika `$b = $a` na `$a` ni objekti, hujafyatua tofali la pili. Umelipatia tofali lilelile jina la pili, na ukibadilisha sifa kupitia `$b`, `$a` nayo itaonekana imebadilika. Arei (orodha za thamani) hazifanyi hivyo, zenyewe hunakiliwa. Ukitaka objekti ya pili inayojitegemea, andika `$b = clone $a`.

`class="kitufe"` ya kwenye HTML ndiyo hiyohiyo? (Msomaji, Chang'ombe)

Hapana, zimefanana jina tu. Ile ni lebo unayoibandika kwenye kipande cha ukurasa ili CSS ikipambe au JavaScript ikipate kwa urahisi. Haina fankisheni na haifyatui kitu.

Mwalimu, nimepewa tovuti ya zamani niihamishie seva mpya. Haitoi kosa lolote, lakini taarifa za wateja zote ni tupu. Klasi inaitwa `Mteja` na ndani yake kuna `function Mteja($jina)`. (Fundi, Kondoa)

Umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali. Enzi za PHP 4, konstrakta ilikuwa fankisheni yenye jina la klasi. PHP 5 ilipotoka mwaka 2004 ikaleta `__construct`, na mtindo wa zamani ukavumiliwa. PHP 7 ikaanza kuonya. PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, haiutambui tena. Kwenye seva yako mpya `function Mteja` ni fankisheni ya kawaida ambayo hakuna anayeiita, kwa hiyo `new Mteja('Asha')` inapita kimya na jina linapotea. Ibadilishe iwe `__construct`. Kisha tafuta kwenye mafaili yote `parent::Mteja(`, pale klasi inayoirithi `Mteja` inapoita konstrakta ya mzazi wake, nazo uzigeuze kuwa `parent::__construct(`. Hizo za pili ndizo mafundi husahau.

Nimeanza na `Mtu`, ikarithiwa na `Mkulima`, halafu `MkulimaWaAlizeti` na `MkulimaWaZabibu`. Niko sawa? (Msomaji, Manyoni)

Ngazi mbili za kwanza ziko sawa. Ya tatu itakusumbua. Akija mkulima mwenye ekari tano za alizeti na moja ya zabibu utamweka wapi? PHP hairuhusu klasi moja kurithi wazazi wawili.

Kiswahili chenyewe kinakupa kipimo kizuri, na huwa nawaambia wanafunzi waseme sentensi kwa sauti kabla ya kuandika `extends`, neno la PHP la kurithi, yaani klasi kuchukua sifa na fankisheni za klasi nyingine. "Mkulima *ni* mtu": hapo rithi. "Mkulima *ana* mashamba": hapo mashamba yawe sifa ndani ya `Mkulima`, na kila `Shamba` lijue zao lake. Na hata ukisikia "ni", jiulize kama itabaki "ni" msimu ujao, maana aliyelima alizeti mwaka huu anaweza kupanda mtama mwakani, na objekti haibadilishi klasi yake ikishazaliwa.

Kitufe changu kinaita fankisheni ya klasi ya JavaScript, lakini `this` inakuwa kitu kingine kabisa. (Msomaji, Makole)

Ulipoandika `kitufe.addEventListener('click', kikapu.jumlisha)` ulikabidhi fankisheni bila mwenyewe, yaani bila objekti `kikapu` ambayo `this` ilipaswa kuielekeza. Ikibonyezwa, `this` inakuwa kitufe. Andika `() => kikapu.jumlisha()` badala yake. JavaScript ilipata neno `class` mwaka 2015, na chini yake bado kuna ule mfumo wa prototaipu wa tangu mwanzo, ambamo objekti huazima fankisheni kutoka kwa objekti nyingine. Anayetoka PHP hujikwaa hapa sana.

Mkufunzi wetu anasema majina ya klasi lazima yawe ya Kiingereza. Ni kweli? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

PHP haina sheria hiyo. Maneno ya lugha yenyewe, kama `class` na `return`, hayabadiliki, lakini majina ni yako. `Mkulima`, `Shamba` na `Stakabadhi` yanasomeka vizuri, na mara nyingi mwanafunzi akitaja kitu kwa lugha anayowazia huona upesi kama klasi yake ina kazi moja au tano. Kama mradi una watu wasiojua Kiswahili, kubalianeni Kiingereza. Usichanganye tu `Mkulima` kwenye faili moja na `Farmer` kwenye lingine. Na wafugaji wajue kwamba `Ng'ombe` haitakubaliwa kwa sababu ya ile alama ya king'ong'o, andika `Ngombe`.

Bando ni la shida na umeme unakatika. Nitafanyaje mazoezi? (Msomaji, Bahi)

Siku ukifika penye intaneti nzuri, pakua PHP pamoja na mwongozo wake mzima, vyote ni bure. Tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, PHP huja na seva ndogo ya kujifunzia. Fungua folda ya kazi yako, andika `php -S localhost:8000`, kisha fungua anwani hiyo kwenye kivinjari. Hutahitaji bando.

Kwa zoezi, chukua daftari la madeni la duka lolote la mtaani kwenu. Andika klasi `Deni` yenye fankisheni `lipa()` na `salio()`, inayokataa malipo ya sifuri, ya hasi, na yanayozidi deni lenyewe. Ukikwama nitumie faili lote pamoja na maneno ya kosa kama yalivyo, nitalisoma.